Meitamei Saruni na Meza ya Saa Kumi na Moja

Wachungaji wetu, wazee, jamaa wa hapa Bisil na nyinyi majirani mliotoka Kitengela alfajiri, sopa, tunawasalimu, familia imetutuma tuwasomee safari ya ndugu yetu Meitamei Saruni, ambaye kwa Naisenya alikuwa mume, kwa watoto alikuwa Baba Yvonne, na kwa wenye bucha wa Kitengela alikuwa Daktari, ingawa maishani mwake hakumdunga mtu sindano hata moja, kazi yake ilikuwa kukagua nyama.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 hapa hapa nyumbani, mwana wa pili wa marehemu mzee Saruni, akachunga ndama kabla ya kushika kalamu, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1961, akamaliza sekondari mjini Kajiado mwaka wa 1972, na baada ya kuhitimu ukaguzi wa nyama mwaka wa 1975 akatumwa Loitokitok, hadi Januari 1988 alipohamishiwa kichinjio kimoja cha Kitengela.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Naisenya kanisani Kajiado, wakajaliwa Yvonne mwaka wa 1984 na Saruni, aliyerithi jina la babu, mwaka wa 1987.

Kazi yake ilikuwa ya asubuhi na mapema, kupasua ini la kila ng'ombe, kulipapasa kwa vidole, lililo gumu na lenye makovu kulitupa shimoni, na nyama iliyo safi kuipiga mhuri wa buluu, wala hakutazama uso wa mwenye ng'ombe.

Sasa hapa tutasema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka isemwe. Kule machinjioni kulikuwa na desturi kwamba jioni klabuni kila mwenye bucha amnunulie mkaguzi chupa moja ya bia, na haikuwa hongo, maana Daktari alikunywa bia ya mtu jioni na kumkatalia nyama yake asubuhi, bali ilikuwa heshima, na ukiikataa chupa ya mtu ilionekana unaishuku nyama yake. Wenye bucha walikuwa wengi, na heshima zao zote ziliingia tumboni mwa mtu mmoja.

Hakuna aliyemwita mlevi, hakuyumba njiani, hakukosa kazi, hakumwinulia mtu mkono, hata sisi nduguze tulisema anachangamka tu na wenzake. Lakini mwaka wa 1997, Yvonne alipopewa zawadi shuleni mbele ya wazazi, babake alifika viti vikirudishwa darasani, akacheka sana na walimu, na kesho yake akauliza sherehe ni lini. Yvonne aliichukua zawadi yake akaifungia sandukuni, na hilo lilimuuma mamake kuliko kilio.

Mwezi wa Agosti 1998 alitapika damu akiwa kazini, akakimbizwa hospitalini Nairobi, na daktari akaanza kumweleza polepole kwamba ini lake limekuwa gumu na lina makovu, kwamba ni pombe ya miaka mingi, kidogo kidogo kila siku, na kwamba halitarudi kuwa zima, ila akiiacha kabisa anaweza kuongezewa miaka. Naisenya, aliyeketi kando ya kitanda, anasema mumewe alimwashiria daktari anyamaze, akavitazama vidole vyake mwenyewe, kwa kuwa vilikwisha kuyatupa maini ya namna hiyo mengi mno, kisha akalia, na mkewe hakuwa amewahi kumwona akilia.

Aliacha, lakini kuacha bia kulikuwa kuacha watu. Rafiki yake mkubwa Mburu, mwenye bucha aliyemjua tangu siku ya kwanza Kitengela, alimuuliza mbele ya wote, "Daktari, kwani nyama yangu iko na shida?" naye akamjibu, "Nyama yako iko sawa, Mburu, ni ini langu nimelinyima mhuri." Walicheka, lakini Mburu aliona amedharauliwa, akakaa miezi bila kumsalimu, na Meitamei akawa anarudi nyumbani mapema, anakaa anautazama ukuta, hadi jioni moja akavaa koti arudi klabuni. Naisenya hakumzuia mlangoni, alimwambia tu, "Kama unakosa watu, watu tutawaita. Kama unakosa chupa, hapo mimi siwezi kukusaidia." Akavua koti.

Kesho yake saa kumi na moja jioni Naisenya alibeba meza ndogo na chai ya maziwa yenye tangawizi hadi nje ya lango la kichinjio, na mumewe akasimama pale akimwita kila mwenye bucha kwa jina, kwamba miaka yote wamemnunulia, sasa ni zamu yake kuwapa. Kumkatalia kungekuwa kumrudishia heshima yake usoni, basi wakaketi, mwenye bucha mmoja, Maweu, wa kwanza, wengine wakafuata, na porojo zikawa zile zile, tofauti ni kwamba kila mtu alizikumbuka asubuhi.

Miaka ile tisa ilikuwa mizuri, tuseme ukweli, ilikuwa mizuri kuliko yote iliyotangulia. Mwaka wa 2006 Yvonne alipoolewa, babake alikuwa wa kwanza kufika kanisani, akacheza mpaka akina mama wakamwomba apumzike, na hadi mwisho wake aliweza kukueleza harusi ile yote, wimbo kwa wimbo.

Lakini ini halikusahau. Mwezi wa Juni mwaka huu tumbo lilianza kujaa maji, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na Alhamisi tarehe 4 Oktoba 2007, Naisenya akiwa amemshika mkono, akatuacha, kabla hata ya kustaafu. Tulimhitaji bado, na inatuuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake wote wa kichinjio.

Mburu ametuomba tuseme hili mbele yenu. Alikuja mezani mwisho kuliko wote, na bia hakuiacha hadi Agosti mwaka huu, alipomwona rafiki yake hospitalini. Neno la mwisho la Meitamei kwa mkewe halikuhusu ng'ombe wala shamba, alisema, "Mburu ndio ameanza, jioni atakosa pa kwenda, usiitoe meza."

Kwa hivyo Jumatatu saa kumi na moja Naisenya atakuwa langoni na chai yake, pamoja na msiba wake. Mburu, kiti chako kipo.

Nawe Baba Yvonne, pumzika sasa kwa amani, meza haijatolewa.