Général Haoni Haya ya Sindano

Mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi haimheshimu mtu, awe mwenye villa ya Golf, mtaa wa matajiri, au mlinzi wa hiyo villa. Ndiyo maana benchi la Mama Simone hujaa mapema. Benchi lenyewe ni mbao nzito nyeusi iliyowahi kulala chini ya reli, na Adalbert aliyeileta hajawahi kueleza vizuri ilitokaje kwenye njia ya treni mpaka kwenye kona hii, kati ya ukuta wa villa ya Madame Annie na duka la misumari la Stanislas. Mama Simone hupanga termosi zake tatu juu ya kasha na mikate ndani ya beseni, na kazi yake inakuwa imekwisha. Kinachobaki ni kazi ya midomo. Hapo utamkuta huyo Adalbert, mstaafu wa reli, wanayemwita Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, ajuaye kila jambo lililotokea kabla wengine hawajazaliwa. Utamkuta Djo, wanayemwita Avocat, ambaye hajaingia chuo cha sheria hata kwa kupotea njia, lakini huwaandikia watu barua za mashtaka mpaka mshtakiwa anaomba msamaha kabla ya kumaliza kusoma. Na utamkuta Stanislas mwenyewe, aliyepewa jina lake miezi mitatu tu iliyopita: Papa Ushuhuda.

Jina hilo lina habari yake, na afadhali niitoe mapema. Stanislas alikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa nne sasa, akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni. Mwezi wa nne akapima, sukari ikaonekana imekaa pake. Ee bwana! Furaha ikampanda kichwani. Jumapili akavaa viatu vipya vyeusi vya ncha, mke wake Cathy akavaa kikwembe kipya, wakapita mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Akashika maikro, akasema Bwana amemponya, na pale pale, bila kuombwa na mtu, akamwaga vidonge vyote ndani ya kikapu cha sadaka. Mchungaji mwenyewe alikodoa macho. Lakini ngoma zilishaanza, akina mama wa kwaya walishapiga vigelegele, na nani atazima vigelegele vya akina mama waliotoka Kasai? Stanislas akacheza saa nzima na vile viatu.

Tangu siku ile kidole chake cha mwisho, mguu wa kushoto, kina kidonda kisichotaka kufunga. Hakuna ajuaye, hata Cathy. Anakizungushia kitambaa, anavaa soksi mbili, anasingizia baridi. Koo linamkauka, maji hayamtoshi, suruali inamshuka kiunoni. Kwenda kupima? Wauguzi wawili wa zahanati ya mtaa wanaimba kwaya kanisani kwake. Mtu aliyesema amepona mbele ya watu mia tatu ataingia mlango gani? Basi kila asubuhi anakaa benchini, anacheka na wenzake, na anaogopa. Anaogopa sana.

Asubuhi hiyo Casimir, mlinzi wa Madame Annie, alitoka getini akisugua viganja, akajibanza katikati ya wazee.

— Munipe kahawa mbele ya kuniuliza habari, akasema. Natoka kumupiga Général sindano.

— Sindano? Avocat akaruka. Weye? Na diplôme gani?

— Na mukono tu. Iko na diabète.

— Nani?

— Si Général! Imbwa ya Madame.

Kikombe cha Stanislas kikasimama kabla ya kufika mdomoni.

— Mama weee! Chef de Gare akacheka mpaka akakohoa. Imbwa ya Golf! Hata bugonjwa yake ni ya batajiri. Imbwa ya kwetu Katuba haipate hata nafasi ya kugonjwa, inakufa tu na njaa.

— Cheka tu, papa, Casimir akasema. Ilianzaka na maji. Ndoo muzima anamaliza, anaomba ingine. Kisha kukojoa: mu barza, ku maua, ku mupira ya gari, fasi yote. Anakula sana, lakini anakonda, anakonda. Miye nilisema balimuroga. Madame akaita munganga ya banyama. Akatosha damu mu sikio, tone moja, akatia mu kamashini. Akasema ni sukari. Sawa ile ya bantu.

— Sawa ile ya bantu? Stanislas akauliza, na papo hapo akajuta kufungua kinywa.

— Sawasawa. Mwili inakosa ile dawa yake ya ndani ya kupeleka sukari fasi inapashwa kwenda. Basi sukari inabaki mu damu, inatembeatembea bila kazi.

— Sawasawa na Avocat, Mama Simone akasema, akimimina.

Stanislas alisukuma kwa kisigino chupa yake ya maji chini ya benchi. Ilikuwa ya pili tangu afungue duka.

Chef de Gare alikuwa ameshakunja mguu juu ya mguu, dalili ya kwamba historia inakuja.

— Miye najua kwenye ile bugonjwa ilitokea. Zamani ku camp ya reli sukari ilikuwa ya posho, kila nyumba na kipimo yake. Ulisikiaka mutu na diabète? Hata moja! Siku balikata posho, kila mutu akaanza kujinunulia. Wagon ya kwanza ya sukari ilifika ku gare asubui. Magaribi, bantu balishaanza kukojoakojoa. Niliona na macho yangu.

— Na Général alipanda wagon gani? Avocat akauliza.

— Première classe! Imbwa ya Golf inapanda fasi gani ingine? Njo maana bakubwa banasema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ile imbwa iliacha ziwa ya mamake mbio.

— Ile methali haina kazi hapa, Avocat akasema, akijinyoosha koti. Mukamate sheria. Nani alikuwa na sukari mu ile nyumba? Marehemu, bwana ya Madame Annie. Sindio, Casimir? Alikufa nayo. Sasa, batoto bakagawanya mali. Moja akakamata gari, mwingine akakamata kiwanja ya Luano. Na sukari? Hakuna mwenye kuitaka! Lakini mali ya marehemu haibakie bila mwenyewe. Article ya sheria iko wazi. Nani alikuwa analala ku miguu ya mugonjwa mpaka siku ya mwisho? Imbwa! Basi imbwa ikarizi.

— Ikarizi sukari? Casimir akauliza.

— Yote. Héritier universel.

Walicheka benchi zima. Hata Stanislas alicheka, mpaka Avocat alipomgeukia.

— Lakini tunasumbuka bure na mwenye kujua iko hapa! Papa Ushuhuda, weye njo ulishaponaka. Tuambie: Général apelekwe ku kanisa?

Watu wote wakamtazama kwa heshima kabisa, na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu walikuwa wakimaanisha. Chef de Gare huwasimulia jamaa zake habari za Stanislas. Mama Simone alishamwombea jirani akitaja uponyaji wa Stanislas.

— Inaomba imani, Stanislas akasema.

— Na imbwa iko na imani? Avocat akauliza.

— Iko... iko na ya kwake. Sukari ya imbwa iko na roho ndogo. Ya mutu njo kubwa. Unaikemea mara tatu, na chumvi ku mulango...

Alijisikia anavyosema. Chumvi mlangoni! Mtu mzima, mwenye duka, mzee wa kanisa. Akameza kahawa yote kwa funda moja ili apate kunyamaza.

— Miye sijui mambo ya roho, Casimir akasema polepole. Najua tu ile ninaona. Munganga alinifundisha na chungwa. Siku mbili nilichoma chungwa, tii! tii!, mpaka mukono ikaacha kutetemeka. Siku ya tatu, Général. Jasho ilinitoka mu hii baridi! Munajua ile imbwa. Iliuma bantu batatu mu Golf, moja alikuwa na kofia ya serikali.

— Tunajua! Chef de Gare, mmoja wa hao watatu, alikunja mguu wake kwa kumbukumbu.

— Basi leo musikie. Asubui na magaribi anakula kwanza. Akisikia nafungua frigo, kwenye dawa inakaaka, anakuja mwenyewe. Anakaa. Anainamisha kichwa, navuta ngozi ya shingo, nachoma, imeisha. Hata kama bageni ya Madame beko mu barza na ba-cravate yao, hata kama imbwa ya jirani inamuchungulia ku ukuta ya lupango. Haoni haya ya mutu. Anajua tu saa yake imefika.

— Na sasa iko namna gani? Mama Simone akauliza.

— Muzuri! Miezi mbili leo. Mugongo ilirudia nyama, maji anakunywa ya kipimo. Jana alifukuza paka mpaka juu ya ukuta.

Mama Simone alichukua mkate mkubwa kwenye beseni, akampa Casimir. Avocat, ambaye hasifu mtu asiyemlipa, alimpigapiga mgongoni.

— Casimir, kuanzia leo jina yako ni Munganga. Vraiment. Kuna bantu na ma-diplôme banaogopa hata kuchoma chungwa.

Wakamsifu, na walikuwa na haki. Kumchoma mbwa aumaye, mara mbili kwa siku, bila kuruka siku hata moja, si jambo dogo, na Casimir alikuwa akitabasamu chini kwa chini na mkate wake. Stanislas naye alimsifu. Lakini moyoni alikuwa amebaki na yule mbwa. Alimwonea wivu, nasema wazi, alimwonea wivu mbwa, aliyeinamisha shingo mbele za wageni na hakuwa na kanisa la kumwuliza.

Pikipiki ya abiria, moto kama wanavyoiita hapa, ikasimama kandokando. Aliyeshuka alikuwa kijana mwenye koti kubwa, hawajamwona kamwe. Alisema anaitwa Michée, ametoka kumshusha mteja, na baridi imemshika vidole.

— Karibu! Avocat akampokea. Mugeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mugeni njo anatununulia kahawa.

Michée alicheka, akajinunulia yake peke yake. Akasimama anapuliza kikombe, wakamsimulia upya: ndoo, wagon, urithi, chungwa, frigo, shingo. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

— Kwa hiyo ile imbwa ilishapona, akasema.

— Apana, Casimir akajibu. Munganga alisema haitapona. Iko ya sindano mpaka mwisho ya maisha yake.

— Lakini umesema iko muzuri.

— Muzuri sana!

Michée akakuna kichwa chini ya kofia.

— Sasa mutu anaweza kuwa muzuri bila kupona?

Casimir, Munganga mpya, alitazama mikono yake, maana kile anachokifanya kila siku hajawahi kukiuliza jina. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wote wakamgeukia Stanislas, kwa kuwa yeye ndiye aliyepona.

Stanislas aliweka kikombe chini. Akainama. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akavua kiatu, akavua soksi, akavua soksi ya pili, akaanza kufungua kitambaa.

— Yesu! Mama Simone akasema, akaweka mkono mdomoni.

Kidole kilikuwa cheusi upande mmoja. Casimir akapiga magoti mbele yake.

— Inakuuma, papa?

— Apana. Njo ile inanitisha. Haiumi hata kidogo.

— Ni ya siku ngapi?

— Tangu siku ile nilicheza mu kanisa. Sikupona, bandugu. Nilikuwa muzuri. Nilikuwa muzuri sababu ya vile vidonge nilimwaga mu kikapu.

Chef de Gare alivua kofia yake ya reli, asiyoivua hata mbele ya mazishi yanayopita, akaishika kifuani.

— Mon vieux, Avocat akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kifungu cha sheria. Ile umesema sasa, hapa mbele yetu... miye singeweza.

— Maneno baadaye! Casimir alikuwa ameshasimama. Kidonda ya sukari haingojeke. Michée, hospitali kubwa, ile ya mujini. Pita njia ya nyuma, sababu ku mbele kuna kanisa yake, banafagia leo.

Mama Simone alikuwa ameshaufunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwani, kilichofuliwa jana. Stanislas akapanda, kiatu mkononi.

— Apana, akasema. Pita mbele.

Mbele ya kanisa akina mama wanne wa kwaya walikuwa wakisukuma vumbi nje. Walipomwona walinyoosha migongo, wakaita kwa furaha.

— Papa Ushuhuda! Unaenda wapi na kiatu mu mukono?

Michée akasimamisha moto. Stanislas akajibu kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo siku ya maikro.

— Ku hospitali, bamama! Sukari! Haikuniacha!

Watatu kati ya akina mama hao walitazamana. Wa nne, mama mnene mwenye miwani, ambaye Stanislas hakumjua hata jina, alisimamisha ufagio wake ukutani, akafungua kikwembe na kukifunga upya kiunoni, akaja mpaka kwenye moto.

— Na miye niliachaka dawa zangu za sukari, papa, akasema. Sababu ya ushuhuda yako.

Stanislas akasogea mbele kwenye kiti, akampa nafasi nyuma yake.