Uzio wa Uwanja na Uji wa Mama

Boti ya kutoka Mwamgongo ilipopita Gombe, Mwanne, mchuuzi wa dagaa wa Ujiji, aliunyooshea msitu kidole. Mzee Chande, aliyeshika injini, akajua utulivu umekwisha.

"Sokwe! Kwa ajili yao wanapanua uwanja wa ndege wa mjini kwetu, eti watalii wa kuwaona wanaongezeka. Wamezungusha uzio. Zamani nilikatiza uwanjani, uji wa mama mgonjwa unafika wa moto. Sasa nazunguka mji mzima, unafika umeganda! Laiti ningemjua aliyechimbia zile nguzo."

Alilalamika hivyo hadi ufuko wa Kibirizi ukakaribia, ndipo abiria aliyeketi kando yake, Gahungu, mkimbizi wa Burundi, alipokohoa. "Ni mimi, mama. Nilipata kibarua."

Chande akapunguza mwendo, asipitwe na neno.

"Wewe! Umekimbia kwenu, ukaja kunifungia njia?"

"Nisamehe. Mama yangu nilimwacha kwetu Rumonge, kando ya ziwa hili hili. Wako uji unamfikia, japo umepoa."

"Kwa hiyo wangu anywe baridi kwa sababu wako hana wa kumpelekea?"

Mwanne aliyasikia maneno yake yakiwa yameshamtoka. Alifungua mdomo kuyarudisha, lakini boti ilikuwa imegusa mchanga wa Kibirizi, na Gahungu alikwisha kuruka majini, akinyoosha mikono kumpokea gunia lake la dagaa.