Kazi ya Stoo

Sogeeni wanangu, na wewe binti yangu niinulie mto, maana pumzi imekuwa fupi na maneno bado ni marefu. Nyumba ni yenu watatu, cherehani ni ya dada yenu, na ule ugomvi wangu na shangazi yenu nimeumaliza, msiurithi. Ninalotaka kuwaachia hasa ni zito kuliko hayo.

Kaka yenu huyu, aliyekaa mlangoni kama anayesubiri kuitwa, alipoenda vitani alinipigia simu analia kwa sababu ya kikongwe mmoja aliyemgawia maji. Siku hizo alisema "wenyeji". Wakubwa wakamwacha mstari wa mbele msimu baada ya msimu, bila likizo, akizika wenzake, na simu zikabadilika: wenyeji wakawa "wale", wale wakawa "mizigo". "Leo tumeshusha mizigo, mama," akaniambia. Nami, kwa ujinga wa mzazi, nikawatangazia majirani kwamba mwanangu kapewa kazi ya stoo, nikamshukuru Mungu yuko mbali na risasi. Mpaka aliporudi, tukiwa mezani, akacheka akasema mizigo mingine ilikuwa midogo, ilikuwa inalia.

Simchukii. Waliomchosha mpaka utu ukamtoka wamekaa chini ya feni, wanasema jeshi letu lina nidhamu. Nidhamu gani? Dada yenu huyu anauguza watu ugenini, amekuja kuniaga tu. Mwezi uliopita huko, mgonjwa alipojua katoka nchi gani, akauvuta mkono wake, akaomba muuguzi mwingine. Jina la nchi hii lilikuwa linatufungulia milango, wanangu.

Sasa wewe, kitindamimba. Jana nilikusikia uani ukiwafukuza watoto wa jirani: "Tokeni hapa, mizigo nyie." Na kicheko kilikuwa cha kaka yako. Najua begi umeshafunga, kesho unakwenda kujiandikisha jeshini. Usiende. Huo ndio wosia wangu, mengine yote ni vyombo tu.

Na wewe, mwanangu wa kwanza, mwambie. Mimi hanisikii, wewe anakusikia. Mtajie kwa jina lake kile mlichokuwa mnakishusha... Mbona unainamisha kichwa?

Haya. Binti yangu, nizikeni haraka, kisha umchukue mdogo wako mwende mbali. Radhi zangu mnazo wote... na kaka yenu pia, yeye hasa. Mungu awa... Nani huyo anatoka, kaka yenu? Macho yangu hayaoni. Binti yangu, hizo hatua ni za mmoja... au za wawili?