Noelene Purtell na Jina la Tatu Kwenye Kibali

Leo, Ijumaa tarehe 30 Mei, Noelene Purtell anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye kaunta ya vibali vya kutembea hifadhini, hapa Dunmore Gate, nyanda za juu za Tasmania. Makao makuu wametuletea keki yenye picha ya mnazi na ufuo wa bahari, kwa kuwa hawajawahi kufika huku. Tutaila hivyo hivyo. Hawa ndio watu wanaoamini kwamba safari ya kipupwe inaweza kupangwa na mtu aliyejilaza kitandani akibofya simu.

Noelene alianza kama mpishi wa kantini ya walinzi wa hifadhi. Akahamishiwa kaunta kwa wiki moja tu, baada ya aliyemtangulia kuacha kazi kwa hasira. Wiki hiyo haijaisha hadi leo. Huyu mama hakuwa mpole, na atakayesimama jioni hii kusema alikuwa mpole, mnyang'anyeni glasi. Yeye alimwita kila mtu "kipenzi", na ukiitwa kipenzi mara mbili ujue kibali hupati.

Na awe mpole kwa nini? Watazameni waombaji wenyewe. Mtu anakata tiketi ya ndege kwanza, ananunua buti, anapiga picha na buti, anawaaga ndugu zake kama anakwenda vitani. Kibali anakikumbuka akiwa mbele yetu, theluji imeshafika madirishani. Wengine wanadhani kwenye vibanda vya njiani kuna supu ya moto. Wengine wanaacha mikoba nje, halafu wanarudi kutushtaki kwamba kunguru wa huku wamefungua zipu na kula chakula chote, utadhani ni sisi tuliowafundisha.

Yeye ndiye aliyeanzisha jaribio la maegesho. Kila anayeomba kibali cha kipupwe sharti alisimamishe hema lake pale nje, kwenye upepo, akiwa amevaa glavu, huku Noelene akimtazama dirishani na kikombe chake cha chai. Nimeona mahema ya bei mbaya yakipeperuka hadi kwenye uzio, wenyewe wakiyafukuza kama kuku wa sikukuu.

Yeye ndiye pia aliyepigania sheria ya watu watatu: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, mmoja afuate msaada. Sheria hiyo imetukanwa na wajuaji wa kila aina. Bwana mmoja wa Sydney, aliyekuja na rafiki yake, alijaza jina la tatu: Trevor. Trevor alikuwa mbwa. "Huyo ana mbio kutushinda sote, dada," bwana akajitetea. Noelene akachungulia nje, akamkagua Trevor vizuri. "Sawa, kipenzi. Ukivunjika mguu, Trevor akifika hapa atatuambia nini?" Wakarudi Sydney, wote watatu.

Sasa sikieni. Miaka yote hiyo, Noelene hajawahi kuitembea Njia ya Harrigan, hii hii tunayoitolea vibali, wakati wa kipupwe. Kiangazi ameitembea hadi akaichoka. Kipupwe sisi wengine tulikimbilia joto la Queensland, yeye akabaki na kaunta. Na daktari amemwambia goti lake litabeba mzigo kipupwe hiki tu, basi. Kwa hiyo akaipanga safari: yeye, wifi yake Verna, na jirani yao Athol. Tarehe, vibanda, chakula cha akiba, vyote tayari. Mwezi huu Athol akapanda ngazi kusafisha mifereji ya paa. Ngazi ikabaki juu, Athol akaja chini, na kifundo cha mguu kikavunjika.

Jumanne Noelene alisimama upande wa waombaji, akaniwekea fomu yenye majina mawili. Zamu ilikuwa yangu.

"Desmond, kipenzi," akasema, "Verna ana nguvu za watu wawili."

Nikamwuliza kama Verna anabweka. Akacheka. Kisha kicheko kikakatika, akaanza kuikunja fomu yake.

"Ungenipa ningekudharau," akasema. "Sheria niliipigania mwenyewe."

Iliniuma, nasema wazi.

Wanaonijua wanajua maoni yangu kuhusu watu wanaolala kwenye theluji kwa hiari yao wakati nyumbani wana vitanda. Nimewaita wendawazimu mbele ya wakubwa, nikawaita hivyo kwenye karamu ya harusi, na neno hilo silifuti. Nilimnyang'anya ile fomu, nikaandika jina la tatu: Desmond Tolhurst.

Mnadhani alinishukuru? Alinitoa nje. "Glavu, kipenzi." Nilipomaliza, akauliza kama lile ni hema au nimeanika shuka. Akaninyima. Jumatano akaninyima tena, Verna akishangilia pamoja na wageni wa Melbourne, watu ambao wenyewe wangeshindwa kusimamisha mwavuli. Jana, mvua ya mawe ikinipiga usoni, hema likasimama. Noelene akavuta kamba moja moja, akalisukuma kwa bega, akatafuta kosa weee, akalikosa. Ndipo akaanza kupenga kamasi na kusingizia baridi. Saini aliyotia chini ya jaribio langu ndiyo ya mwisho katika kazi yake.

Asante, Noelene, kwa watu wengi mno uliowarudisha makwao wazima na wamenuna. Kituo kizima kinakutakia mapumziko marefu na heri tele. Mimi, kwa kuwa tunaondoka Jumatatu, nina ombi moja tu: tembea polepole.