Mzee Sweta na Meza Aliyoitunza

Kwa miaka ishirini na saba na miezi mitatu, fundi wetu wa kompyuta, tuliyezoea kumwita Mzee Sweta, ameitumikia ofisi hii. Tarehe 30 Juni atarudisha ufunguo wa chumba cha seva na kustaafu rasmi.

Jina alilipata humo humo chumbani. Mashine zinataka baridi, basi yeye alivaa sweta la kijivu mwaka mzima, hata siku ambazo sisi tulijipepea kwa mafaili. Mama wa usafi humtania kila akimwona anatoka: "Leo friji imekutapika mapema, Mzee!" Naye hujibu kwamba samaki akikaa sana ndani anasahauliwa.

Alianza kazi kila mtu akiwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ikiwa na ugonjwa wake. Ni yeye aliyezikusanya kazi zetu zote kwenye seva moja. Tangu hapo, mbele yetu kulibaki kioo na kibodi tu. "Meza" yenyewe, kama alivyoiita, yaani mafaili, picha na vikaratasi vya kukumbushia, iliishi chumbani kwake. Kioo kikifa, ulihamia kingine ukaikuta meza yako kama ulivyoiacha. Wapo waliodhani ni uchawi.

Mwaka jana uongozi ulimtaka alinganishe: tubaki na seva yetu, au meza zetu tuzihamishie kwenye wingu, kwa kampuni inayozitunza mbali na kutuletea kwa mtandao? Tulijua atakitetea chumba chake. Hakukitetea. Alichora safu mbili ubaoni. Ya kwetu ikiharibika, alisema, tunajua mlango wa kugonga. Lakini umeme ukikatika sote tunakunja mikono, paa linavuja, na fundi ni mmoja, na mmoja huugua. Ya wingu hufunguka hata ukiwa nyumbani, na wa kuiangalia ni wengi. Lakini mtandao ukianguka tutabaki kutazamana. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulipa uzito: "Kule watatunza tulichowaandikia. Hapa mashine inatunza hata tulichosahau."

Akashauri wingu. Alikuwa anajifungia mlango mwenyewe, na alijua.

Orodha ya meza za kuhamishwa niliiandika mimi, karani wa masjala. Alipokuja kuichukua aliisoma yote, akauliza, "Na wengine, shemeji?" Huniita hivyo kwa sababu marehemu mume wangu, mchora ramani wa ofisi hii, alikuwa rafiki yake. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Wengine wepi? Walio kazini tu." Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Mashine zilipokwisha kuchukuliwa na kufutwa ndipo nilipojua. Meza ya mume wangu ilikuwa bado humo, mwaka wa nne tangu tumzike. Hakuna aliyemwagiza Mzee Sweta aitunze. Kila Jumatatu aliifungua, akahakikisha ni nzima, akaifunga. Ilikuwa na picha ya binti yetu alipokuwa kibogoyo, na kikaratasi cha njano kilichoandikwa "nunua balbu ya jikoni". Haya alinieleza mwenyewe, akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimejibu kama karani. Yeye alisikia jibu la mjane, akaona si adabu kuuliza mara ya tatu.

Tangu siku hiyo akiniona koridoni hupita upande wa pili. Anaamini amenipotezea kitu. Ndiyo maana niliomba wasifu huu niuandike mimi.

Shemeji, nasema mbele ya wenzetu wote: hukupoteza kitu. Mwandiko ulio kwenye orodha ni wangu, na majuto ni yangu. Kwa miaka minne mume wangu alikuwa na mahali pake ofisini, na mimi sikujua hata kuja kumwamkia. Wewe ulikwenda kila Jumatatu. Asante.

Ofisi nzima inakushukuru kwa kazi, utani na uaminifu wako. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya kuota jua. Ila kabla hujarudisha ufunguo, pita masjala, usinikwepe tena. Chai ipo. Sweta livue mlangoni. Kwangu hakuna baridi.