Bahasha ya Fundi Viatu

Benchi la kona lilikuwa na pengo. Fundi viatu, anayekaa mwisho kabisa karibu na birika la kahawa, alikuwa wodini kwa siku ya pili. Alianguka kibandani kwake, nyundo mkononi. Dirisha alikuwa mtoa dawa wa zahanati; wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kazini, nyuma ya kidirisha cha dawa, huonekana kifua na mikono tu. Kila asubuhi yeye ndiye huwasomea wenzake gazeti kwa sauti. Leo lilikuwa magotini, halijafunguliwa. Vidonge vya presha vya fundi, yeye ndiye aliyevitoa.

— Dawa siku hizi feki, alisema Redio, ambaye hanyamazi. Chaki tupu!

— Chaki imwangushe mtu? alidakia Dobi. Tatizo maji, bwana. Maji ya bomba yana dawa yake. Zikikutana tumboni, vita!

— Maji wapi! alisema Redio. Ni gundi ya viatu. Miaka thelathini anainusa. Tumbo limeshakuwa soli, kidonge kikifika kinadunda.

Wakacheka, kisha wakaona haya kwa kucheka.

— Dirisha, mtaalamu ni wewe, alisema Dobi. Mbona umekuwa bubu?

— Nilimwandikia kila kitu. Nikamuuliza, umeelewa? Akasema ndiyo.

— Basi huna kosa. Mtu mzima yule.

Dirisha alitamani sana kuamini hivyo. Siku ile ya kumpa dawa, foleni ilifika hadi getini, na hakumtazama rafiki yake hata usoni.

Binti wa fundi akatokea, macho mekundu kwa kukesha.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Mgonjwa vipi?

— Ameamka. Anasema alikuwa anameza vidonge kichwa kikiuma tu. Jana kikauma sana, akameza vinne kwa mpigo, afidie siku alizoruka.

Akatoa bahasha ndogo ya dawa. Dirisha akautambua mwandiko wake, msafi, umenyooka: kimoja kila asubuhi, hata ukijisikia mzima.

— Sasa naomba kuuliza. Gazeti mnamsomea kila siku, maana mnajua baba hajui kusoma. Hii nani alimsomea?

Redio akainua kikombe chake akanywa, ingawa kilikuwa kitupu. Dobi akakodolea macho viatu vyake. Dirisha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Binti alikuwa bado amemnyooshea bahasha, anasubiri jibu.