Mfalme Asiye na Mtandao

Katika basi la kutoka Bukoba kwenda Muleba, Evodia alikuwa amefungua daftari la darasa la jioni, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Huko Gozbert, bwana mwenye tai, alikuwa akimsimulia dada aliyekaa naye, Salma, habari za kundi lake la WhatsApp. Watu kumi na wawili walikuwa wakiigiza kijiji cha kale kwa kuandikiana, kila mmoja na mhusika wake. Gozbert ndiye mfalme.

"Juzi nilikuwa shambani Izimbya, mtandao hakuna. Narudi baada ya siku mbili, nakuta wote bado wamenipigia magoti. Hakuna aliyethubutu kusema kabla ya mfalme! Watano wamejitoa. Leo saa kumi tunaanza upya. Tukikwama tena, kundi limekufa."

"Kaka, mimi la kwangu lina mwaka wa tatu," alisema Salma. "Usimsemee mtu mhusika wake. Na mwenye kundi asiwe mfalme. Humo kijijini wewe pika pombe ya ndizi, wote watakujia na maneno yao."

"Mimi ni mzee wa kanisa, dada. Pombe?"

"Basi chunga ng'ombe."

"Nianzishe kijiji, halafu nichunge?"

Evodia, ambaye tangu kituo cha Kagondo alikuwa akiuombea mtihani wake wa jioni hiyo, alijikuta anakiombea kijiji kisichokuwepo.

Basi liliposimama Muleba, simu ya Gozbert ililia. Akasoma.

"Wanasemaje?" Salma akauliza.

"Wameshapiga magoti," alijibu, akinyoosha tai.